Maswali ya Akiba

Wachezaji wa chemsha bongo ya vyuo walimwita Ukuta, na jina hilo alilipenda. Alikuwa mhadhiri wa historia, mwembamba, mpole wa sauti, na kwa miaka mingi ndiye peke yake aliyehariri maswali ya shindano. Timu zilifika zikiimba, zikagonga kwake, zikarudi zilikotoka midomo imefungwa. Alikuwa pia shemeji wa mwalimu mmoja wa kemia, kwa kumwoa dada wa mwalimu huyo, na hapo ndipo balaa lilipopata pa kuingilia.

Mwalimu huyo wa kemia alifundisha chuo cha wauguzi. Kwao alikuwa wa mwisho kuzaliwa, wakamwita Kitinda, na jina likamganda hata alipokuwa mtu mzima mwenye funguo za maabara kiunoni. Mwaka uliotangulia alikuwa amepeleka timu yake kwenye shindano. Vijana wake walikaa mbele ya vitufe vyao vya kujibia mechi baada ya mechi bila kuvigusa. Walipokuwa wakikusanya vitabu vyao, nahodha wao alimwambia, bila machozi wala hasira, "Madam, sisi tulikuja kushindana, kumbe tulialikwa kusikiliza." Maneno hayo yalimkaa Kitinda rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Kwa hiyo Katibu wa shindano alipompigia simu kumwomba asaidie uhariri, hakuuliza hata kazi yenyewe ina malipo au haina.

Katibu alikuwa mama mmoja aliyestaafu ukarani wa mahakama, na bado alizungumza kama anayesoma hukumu. Aliwakutanisha wahariri wawili katika chumba chake nyuma ya maktaba, feni ikilalamika juu ya vichwa vyao.

"Vyuo vitatu vimejitoa," alisema. "Vingine vimenuna. Mwaka huu wahariri ni wawili. Mwalimu huyu atasaidia kupima ugumu."

Ukuta hakumtazama Kitinda. "Kuupima kwa kipimo gani? Cha walioshindwa?"

"Shemeji, mimi—"

"Hapa si nyumbani. Hapa mimi ni mhariri mkuu."

"Haya, mhariri mkuu. Kipimo changu ni hiki. Swali likisomwa mpaka nukta ya mwisho na hakuna mtu hata mmoja ukumbini aliyebonyeza kitufe, aliyeshindwa ni mwandishi."

"Au ni wavivu," Ukuta akasema.

Katibu akafungua faili lake kwa kishindo ili wote wawili wanyamaze.

Swali la shindano lile liliandikwa kama ngazi ya kushuka. Sentensi ya kwanza ilibeba dokezo gumu, lisilojulikana ila na aliyelisoma somo kwa undani. Ya pili ililegeza kidogo, ya tatu zaidi, na ya mwisho ikampa nafasi hata mtu wa kawaida. Mchezaji alibonyeza kitufe pale alipojua, na aliyewahi ndiye aliyejibu. Swali jepesi na swali gumu yangeweza kuanza na dokezo lile lile. Tofauti ilikuwa kwenye mwisho wa ngazi, na kwenye jibu lenyewe.

Waligombana kwenye hilo jibu tangu wiki ya kwanza. Kitinda alileta swali ambalo jibu lake ni zebaki. Lilianza na namna inavyoyeyusha dhahabu, likaisha na vipimajoto vya zamani. Ukuta alilirudisha limepigwa mistari myekundu. Jibu sasa lilikuwa sinabari, lile jiwe jekundu linalochimbwa ili kupatikana zebaki, na ile sentensi ya vipimajoto ilikuwa imefutwa.

"Kwa nini umeiua?" Kitinda aliuliza.

"Zebaki kila mtu anaijua."

"Ndiyo, lakini hawaijui kwa wakati mmoja. Mmoja ataijua kwenye sentensi ya kwanza, mwingine ya tatu. Hapo ndipo utakapomwona aliyesoma. Sinabari yako ataijua nani? Wote watakaa kimya sawasawa, bingwa na mbumbumbu, na wewe hutaweza kuwatofautisha."

"Mimi nitawatofautisha. Atakayejibu ndiye bingwa."

"Na asipokuwepo?"

"Basi mwaka huo hatuna bingwa," Ukuta alijibu, akageuza karatasi nyingine.

Walitafuta watu wa kuyajaribu maswali: mfamasia mmoja na wakili mmoja, wote mabingwa wa zamani. Walikaa chumbani kwa Katibu na vitufe viwili vya kuazima. Katika maswali ya Kitinda walishindana kweli, wakicheka, wakizozana nani aliwahi. Katika yale ya Ukuta wakili alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kaka," mfamasia akasema kwa heshima, "hili hata wewe ungelijibu kama hukuliandika?"

"Wewe ulipata kikombe mwaka gani vile?" Ukuta akamuuliza. "Ah, mwaka ule maswali yalikuwa mepesi."

Mfamasia alichukua koti lake. Hakurudi tena, na wakili alipata kesi nyingi ghafla.

Kitinda alibaki na Ukuta chumbani siku ile, akamwambia yaliyomjaa. Kwamba anaandika maswali ili watu wamwone yeye. Kwamba vijana wa vyuo vidogo wanatoka pale wakiamini vichwa vyao ni vibuyu vitupu. Ukuta alimsikiliza akiwa amesimama dirishani.

"Chuo nilichosoma mimi," alisema, "maktaba ilikuwa kabati moja, na ufunguo alikuwa nao mtu aliyesafiri. Nilitembea kuomba vitabu kwa watu nisiowajua. Nilipofika kwenye kitufe hakuna aliyenilegezea. Hakuna. Ndiyo maana niliposhinda, nilijua nimeshinda. Wewe unataka kuwapa hawa watoto kikombe cha plastiki uwaambie ni fedha."

"Nataka wapate nafasi ya kubonyeza tu."

"Basi wapelekee kitufe kisichounganishwa na kitu. Watabonyeza mpaka wachoke."

Fahali wawili hawakai zizi moja, na Katibu aliliona hilo. Akaligawa zizi. Raundi za awali mpaka nusu fainali zitakuwa za Kitinda. Fainali itakuwa ya Ukuta, na hakuna atakayegusa karatasi ya mwenziwe. "Na kila mmoja aniletee pia maswali ya akiba," akaongeza, "yakae kwenye bahasha, swali likiharibika."

Ukuta alisema yeye maswali yake hayaharibiki. Bahasha ya akiba ikamwangukia Kitinda peke yake, na akatakiwa kuipeleka siku ile ile. Alikuwa amechoka na ana kinyongo. Akakusanya yale aliyoyatupa mwanzoni kwa kuwa mepesi mno, maswali ya kupashia misuli moto, akayatia kwenye bahasha bila kuyasoma upya. Akiba haikuwahi kufunguliwa tangu shindano lianze. Nani angejali?

Msomaji wa maswali alikuwa dada yake Kitinda, mke wa Ukuta. Alikuwa mtangazaji wa redio, mwenye sauti ambayo hata akitaja bei ya saruji watu huongeza sauti wasikie. Kila mwaka alisoma fainali, na kila mwaka mumewe alimpa karatasi asubuhi hiyo hiyo, kana kwamba angeziuza.

Jumapili kabla ya shindano dada aliwaalika wote wawili mezani, akidhani chakula kitafanya kazi iliyomshinda Katibu. Alipika kuku, akatandika kitambaa cheupe. Kitinda alikaa upande mmoja, Ukuta upande wa pili, na chumvi katikati ambayo hakuna aliyetaka kumwomba mwenziwe amsogezee.

"Mimi ndiye nitakayesoma," dada alisema. "Naomba mniambie mapema matamshi ya yale majina magumu, nisije nikajikwaa mbele za watu."

Ukuta alimtajia machache. Dada akarudia. Ukuta akamsahihisha. Akarudia tena, akasahihishwa tena, mara hii kwa kugonga meza kidogo kwa kidole, kama anavyowafanyia wanafunzi.

"Hili maana yake nini?" dada akauliza. "Nikijua maana, ulimi haunisumbui."

"Wewe soma tu," mumewe akasema. "Si lazima uelewe."

Kitinda aliweka kijiko chini. "Shemeji, umesikia ulichosema?"

"Nimesema kweli. Bomba la maji halihitaji kujua kiu."

Dada alisimama, akaanza kukusanya sahani, hata ile ya Kitinda iliyokuwa bado na chakula. Kitinda alimfuata jikoni akimlalamikia shemeji yake, akamkuta ameyafungulia maji kwa nguvu, na hakutaka kugeuka. "Nenda nyumbani, mdogo wangu," alisema. "Leo siwezi kuwa na watu wawili wenye hasira ndani ya nyumba. Yangu inanitosha."

Siku ya shindano raundi za awali zilikwenda kama Kitinda alivyotarajia. Taa za vitufe ziliwaka sentensi ya kwanza, ya pili, ya nne. Vyuo ambavyo mwaka jana vilitoka mikono mitupu vilipata pointi, na wachache wao wakapiga vigelegele hata walipokuwa nyuma. Wauguzi wake walitolewa robo fainali na timu iliyowazidi kwa haki, na nahodha wao mpya akatoka akibishana na wenzake kuhusu swali la figo. Kitinda alisimama nyuma ya ukumbi akahisi mabega yake yameshuka. Ukuta alikuwa amekaa safu ya mbele, mikono kifuani. Kila swali lilipojibiwa mapema alitikisa kichwa, na alihakikisha Katibu anamwona.

Fainali ilikutanisha chuo kikuu kikongwe, mabingwa watetezi, na chuo cha ufundi, ambacho hakijawahi kufika hapo. Ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Dada alipanda jukwaani amevaa gauni la kijani, akafungua karatasi za mumewe.

Swali la kwanza lilisomwa mpaka mwisho. Kimya. Dada akasoma jibu, na hata waliolisikia hawakujua ni mtu, mji au ugonjwa. La pili vile vile. Mtu akakohoa, mwingine akacheka, kisha ukumbi mzima ukaanza kunong'ona. Vijana wa ufundi walikuwa wanatazama vitufe vyao kama watu waliopewa chombo wasichojua kinafunguliwa wapi. Ukuta alikaa wima, uso umetulia.

Dada alianza la tatu. Alisoma sentensi ya kwanza, akasoma ya pili. Kwenye ya tatu palikuwa na mojawapo ya yale majina. Alijikwaa. Kutoka safu ya mbele, kwa sauti yake ya chini ambayo kipaza sauti kiliinasa, Ukuta akamsahihisha.

Watu walicheka. Hawakumcheka kwa ubaya, lakini walicheka.

Dada aliweka karatasi chini. Alikunywa maji. Kisha akaisogeza bahasha ya akiba, akaichana.

"Swali hilo limefutwa kwa kosa la usomaji," alitangaza. "Tunakwenda kwenye akiba."

"Lisome tena," Ukuta akasema. "Si la kufutwa."

"Mhariri haruhusiwi kuzungumza mchezo ukiendelea. Tafadhali keti."

"Katibu," Ukuta akageuka, "kanuni inasema swali moja tu linabadilishwa."

"Nimeomba mhariri akae," dada akasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti ile ile ya taarifa ya habari, "au atoke nje."

Ukumbi ukapasuka kwa makofi. Ukuta alibaki amesimama peke yake kati ya mamia ya watu waliokaa, akatafuta uso mmoja wa kumuunga mkono, asiuone. Katibu alikuwa anapekua kanuni. Kule nyuma Kitinda alisikia furaha chafu ikimpanda kifuani. Alitaka kupiga makofi, na alipiga.

Kisha dada akasoma swali la akiba, na Kitinda akalitambua. Lilikuwa swali la mtoto wa shule ya msingi. Vitufe vililia kabla ya neno la nne. Likaja jingine, mwezi unaozunguka dunia. Jingine, idadi ya vyumba vya moyo. Dada hakurudi kwenye karatasi za mumewe. Aliimaliza bahasha yote. Hapakuwa na elimu tena jukwaani, palikuwa na vidole tu, nani ana gumba jepesi zaidi, na nahodha wa ufundi, ambaye kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma, alikuwa nalo. Kila taa yake ilipowaka ukumbi ulishangilia, na kila shangwe ilimrudisha Kitinda hatua moja karibu na mlango. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Ufundi wakashinda. Wakati vijana wa ufundi wakirushwa juu, nahodha wa chuo kikuu kikongwe, binti mrefu mwenye nywele fupi, alishuka jukwaani akaja moja kwa moja hadi alipokuwa Kitinda.

"Madam, yale ya akiba ni ya kwako?"

"Ni yangu."

"Swali la tatu lile nilikuwa nalijua. Nilikuwa nasubiri sentensi moja nihakikishe. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe." Aliuonyesha mkono wenyewe. "Mwaka mzima nimesoma kwa ajili ya swali kama lile. Sikusoma ili niulizwe moyo una vyumba vingapi."

Yule binti hakungoja jibu, akarudi kwa timu yake.

Chuo kikuu kilikata rufaa, na Katibu, aliyezoea mahakama, hakuhitaji muda mrefu. Fainali ilifutwa. Wahariri wote wawili waliondolewa, na dada akaandikiwa onyo.

Kitinda alikwenda kumwona kituoni kwake. Dada alitoka studio na vipokea sauti shingoni, wakasimama kwenye korido ambayo kila anayepita alilazimika kupenya katikati yao.

"Umekuja kunishukuru?" dada akauliza.

"Nikushukuru? Umeyasoma makapi yangu mbele ya watu wote. Umempa haki. Sasa kila mahali anasema, mnaona, huo ndio ulaini alioutaka shemeji yangu."

"Mimi nilijuaje kuwa ni makapi? Nani alitia makapi kwenye bahasha, mimi?"

"Ungebadilisha moja tu. Nilikuwa nimempiga, dada. Kwa raundi zangu nilikuwa nimempiga, na kila mtu aliona. Wewe ukaja na hasira zako ukaniharibia. Hukunisaidia hata kidogo."

Dada akavivua vipokea sauti shingoni. "Nani alikwambia nilifanya kwa ajili yako?"

Mtu mmoja akapita kati yao, wakampisha.

"Mmekaa mwaka mzima mnagombania vijana," dada akasema. "Swali gumu, swali jepesi. Wewe unawaonea huruma, yeye anawajenga. Mezani kwangu alisema mimi ni bomba. Ulimkaripia, ndiyo, kisha ukanifuata jikoni unieleze jinsi alivyo mbaya. Hukuniuliza mimi nimejisikiaje. Hata mara moja. Ninyi wawili mnafanana, mdogo wangu, tofauti yenu ni kalamu." Akavaa vipokea sauti. "Nina taarifa ya saa saba."

Mlango wa studio ukafungwa na taa nyekundu ikawaka juu yake.

Fainali ilirudiwa katika darasa la kawaida, siku ya kazi, bila wageni. Maswali yaliandikwa na walimu wawili wa mbali ambao hakuna aliyewajua. Kitinda alikwenda, akakaa nyuma. Baadaye kidogo Ukuta akaingia, akatazama viti vilivyobaki, akakaa safu ile ile, mwisho wa pili. Msomaji alikuwa kijana mwenye mafua. Maswali hayakuwa magumu wala mepesi. Mengine yalikuwa mabaya kwa namna ambayo wote wawili waliiona papo hapo, na kwa bahati mbaya walitikisa vichwa kwa pamoja. Chuo kikuu kilishinda kwa swali moja. Nahodha wa ufundi akakitoa kikombe kwenye mfuko wa nailoni, akakiweka mezani, akaondoka na watu wake bila kumpa mtu mkono.

Nje, kwenye ngazi, Ukuta alimngoja.

"Yule binti angelijibu swali langu," alisema.

"Angelijibu. Aliniambia."

"Basi lilikuwa swali zuri."

"Lile moja, ndiyo, lilikuwa zuri. Na mawili ya kwanza?"

Ukuta akashuka ngazi moja, akasimama. Alikuwa amekonda zaidi, na kola ya shati lake haikupigwa pasi. Kitinda aliliona hilo, na hakumwonea huruma.

"Dada yako amehamia chumba cha wageni," Ukuta akasema. "Hanigombezi. Namsemesha, ananijibu kama anasoma tangazo. Nimemuuliza nimekosa nini, akasema, si lazima uelewe." Alisubiri kidogo, akitegemea labda Kitinda amweleze. "Wewe ni ndugu yake. Anataka nini?"

Kitinda angeweza kumwambia. Alikuwa na maneno tayari, mengi, na makali. Lakini alikumbuka mlango wa studio, na kwa mara ya kwanza katika ugomvi wao akaona kwamba na yeye hana jibu.

"Sijui," alisema. "Kamuulize yeye. Umsikilize mpaka amalize."

Ukuta alishuka ngazi bila kuaga.

Mwaka uliofuata Katibu alimpigia Kitinda simu arudi kwenye uhariri, akakataa, akarudi kufundisha timu yake ya wauguzi. Ukuta hakuitwa. Yeye na shemeji yake hawakusemezana tena isipokuwa misibani. Na dada, baada ya kimya kirefu, alimpigia Kitinda asubuhi moja kuuliza kama ana nafasi ya kumsindikiza kutafuta nyumba ya kupanga. Kitinda alifungua mdomo amuulize imekuwaje, na shemeji amefanya nini tena. Akaumeza ulimi.

"Nakuja," alisema. "Wewe unajisikiaje?"

Kitinda akasikia kiti kikivutwa upande wa pili wa simu, kisha dada akaanza kueleza.